Sumu kwenye supu

Swali: Mambo mhariri, naandika riwaya ya mauaji kijijini Ufaransa, mwaka 1830, mzee kawekewa arseniki kwenye supu, daktari anapima tumbo la marehemu na muuaji anadakwa. Imekaa sawa?

Jibu: Stori tamu ila huo mwaka unakuangusha. Kipimo cha arseniki cha mkemia James Marsh, kile kinachoacha doa jeusi linalong'aa kwenye kioo, kilitangazwa 1836, vya kabla yake vilikuwa vinakosa sumu kidogo. Sogeza hadi 1840, ndo mwaka Marie Lafarge alihukumiwa kule Tulle kwa kumuua mumewe kwa arseniki, Orfila, bingwa wa sumu, akatoka Paris kuja kupima upya maiti na akaikuta. Afu arseniki mpe mke tu, atasema ya panya, nani atashtuka?