Kuhusu ile picha ya bango lako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unauliza kama ni halali dizaina kumpaka modo mekapu ya majeraha kwa ajili ya bango la kupinga ukatili wa nyumbani, manake mwenzako kazini kasema huo ni utapeli, watu watadhani yule dada kapigwa kweli. Nitajibu, ila mimi kinachonisumbua zaidi ni huyo dada mwenyewe. Siku zote nawaambia, mpiga picha anaondoka na kamera yake, mwenye sura ndo anabaki na bango.

Shangazi yako unajua asivyopenda kupigwa picha, hata kwenye harusi yako alijificha nyuma ya wakwe. Habari yenyewe mnaijua juujuu tu. Alikuwa bado binti, mimi niko kiwanda cha uchapaji, kampuni moja ya matangazo ikawa inatafuta sura ya bango kama hilo lako na yeye akakubali. Nilimsindikiza studio. Dada wa mekapu alichanganya wanja na rangi ya midomo, akaisambaza kwa kidole chini ya jicho la kushoto taratibu, kingo akaziacha zififie, afu akaongeza njano kidogo pembeni kwa sababu alama ya ngumi ikianza kupona ndo inavokuwa. Ilinitisha, na mimi nimeona kila kitu kikipakwa. Mpiga picha anasema inamisha kichwa, sikitika, shangazi yako anacheka tu. Picha waliyoichagua hakuwa anaigiza kabisa, mtu alifungua mlango ghafla na yeye akageuza macho. Yale macho yanayoangalia mlango ndo yalikuwa bango zima, mpaka leo sijaona picha ya kupanga iliyokaa vile.

Bango likabandikwa. Mama mmoja akamfuata shangazi yako, akamshika mkono, akaanza kumweleza ya nyumbani kwake yote, na shangazi yako hakumkatiza kusema mimi niliigiza, alimsikiliza mpaka mwisho. Sasa huo nao ni utapeli? Angewekwa pale mwanamke aliyepigwa kweli, mumewe angeikuta sura yake kila ukuta, na nani angemlinda usiku huo?

Lakini baadaye kampuni ileile ikachukua picha ileile, wakaikata karibu na uso, jeraha wakalifuta, wakaitia kwenye bango la ukimwi na juu wakaandika "Nilidhani hayanihusu". Hawakumuuliza mtu. Watu wakaanza kumsalimia kwa sauti ya chini, na uchumba wake wa kwanza ulivunjikia hapo. Hata kama angekuwa anaumwa kweli, hilo lilikuwa lake yeye kulisema. Naandika hapa na bado nina hasira.

Na usidhani picha halisi ndo inasalimika. 1992 Benetton walitumia picha ya David Kirby akiwa kitandani mahututi kwa ukimwi, baba yake kamkumbatia kichwa, Therese Frare aliipiga 1990, hakuna kilichopangwa na familia iliridhia, lakini ilipotokea kwenye tangazo la kampuni ya nguo kelele zikawa kubwa. Uso uleule, nembo pembeni ndo ilikuwa mpya.

Mwenzako naye nampa haki yake kidogo. London miaka ya 1870 Thomas Barnardo, mwenye nyumba za kulea watoto maskini, alikuwa anauza kadi za watoto aliowachukua mtaani, picha moja wamevaa matambara, nyingine safi wanafanya kazi, na 1877 wasuluhishi wakamkosoa manake zilikuwa za kupangwa huku wachangiaji wanaambiwa mtoto alikutwa hivo. Hapo hata mimi nakataa. Ila lile bango la Uingereza la 1970, mwanaume mwenye mimba, la kampuni ya matangazo ya Cramer Saatchi, nani alidanganyika? Tumbo la kutunga kabisa na swali la uzazi wa mpango likawafikia wanaume moja kwa moja. Lako wewe liko katikati, halionyeshi wazi kuwa ni la kutunga, na halidai kuwa huyu ni fulani.

Labda uandike kwa chini kwamba ni mwigizaji. Ningekuwa mimi ningeandika. Lakini yule mama, angelisoma hilo, angemshika mkono shangazi yako? Sijui bwana, hapo ndo nakwama kila nikifikiria, na jibu ninalo mdomoni ila nalizuia manake bango ni lako na jina litakalokuwa kwenye kazi ni lako.

Nachoomba ni kimoja. Anayebaki na bango ni mwenye sura, kwa hiyo kabla hamjapeleka kuchapa, huyo dada alione likiwa na maandishi yake yote, asikubali kwa kuona picha peke yake, na mkataba useme ni kwa bango hilo tu, msiikate mkaipeleka kwingine. Ameshaliona? Nijibu hilo kwanza afu ndo tuongee ya utapeli.

Baba yako