Krispi za Ndizi za Kerala: Chumvi Huingia Lini?

SWALI: Majirani zetu hapa Muscat ni watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, na kila Onam, sikukuu yao ya mavuno, hutuletea krispi za ndizi. Zao ni za manjano, kavu, chumvi imeenea. Zangu hutoka na madoa meusi, kesho yake zimelegea, na chumvi yote iko chini ya bakuli. Nakosea wapi?

JIBU: Dada, tazama kwanza ndizi. Krispi hizo, wenyewe huziita upperi, hutengenezwa kwa nendran, ndizi kubwa jamaa ya mzuzu wetu, iliyokomaa lakini ganda bado kijani kabisa. Ikishaanza kuiva, wanga hugeuka sukari, na sukari huungua kabla maji ya ndani hayajakauka. Madoa mengine ni ya utomvu: menya, loweka robo saa kwenye maji yenye bizari ya manjano, kisha futa vizuri kwa kitambaa.

Kata vipande vya milimita 2 hivi, uvitie kwenye mafuta ya moto kimoja kimoja visishikane. Mafuta ya nazi ndiyo yenyewe. Mengine yatakaanga, ila harufu ile hutaipata.

Sasa chumvi. Haiyeyuki kwenye mafuta, na krispi kavu haiishiki. Wenyewe huiyeyusha kwanza: kijiko kikubwa cha chumvi na manjano kidogo katika robo kikombe cha maji. Vipande vikianza kukakamaa na kugongana kwa mlio mkavu, humimina kijiko kimoja cha chai cha maji hayo humo humo karaini. Ndiyo, maji kwenye mafuta ya moto! Yatachachamaa na povu kupanda. Maji hutoka kama mvuke, chumvi na rangi hubaki juu ya ndizi. Kwa hiyo mafuta yasizidi nusu ya karai, kijiko kiwe cha mpini mrefu, na watoto watoke jikoni.

Usiopoe mpaka povu litulie na kelele ziishe. Kelele ni maji yanayotoka. Ukiwahi, hizo ndizo zinazolegea kesho. Kopo nalo lifungwe zikishapoa kabisa.

Kama walikuletea na zile nene tamu, sarkkara varatti, hizo usizimiminie maji ya chumvi. Hukaangwa kwa moto wa wastani mpaka zikauke hadi ndani, kisha huchanganywa na shira nzito ya sukari guru na tangawizi kavu ya unga.