Kabla hujasema jeti imepoa

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia mezani na ramani ya fahirisi ya spektra, uso umemeremeta. Ramani hiyo huonyesha mng'ao wa redio unavyopungua masafa yakipanda; namba ikizama sana kwenye hasi, husemwa elektroni za jeti, mkondo unaofyatuka kutoka kiini cha galaksi, zimepoa. "Mwalimu, huku mkiani jeti inafika hasi 2!" Nikamuuliza data za gigahezi 5 ni za mpangilio gani wa VLA, safu ya madishi ya redio yanayosogezwa mbali au karibu. A, ule wa mbali kabisa. Na za 1.4? A vilevile. Huyu ni wa tatu mwaka huu, wanangu, basi someni.

1. Kalibreta, chanzo cha kusawazishia vipimo, 3C 286 au 3C 48, itazameni kabla ya chai.

2. Bimu, yaani upana wa doa dogo kabisa ambalo darubini hulitenga, mnajua kuzilinganisha ziwe sawa: gigahezi 1.4 kwenye A ni kama sekunde za tao 1.3, na 5 ni 0.3 hivi. Mimi pia nilizilinganisha. Lakini kwenye A hata madishi yaliyo jirani kabisa yameachana mita 680, na kwa gigahezi 5 kilichotanda kupita sekunde 9 hivi hakipimwi. Ukiileta kofia ya viua hadi puani utaona vitobo, ua lenyewe hulioni. Kulinganisha bimu hakurudishi ua.

Nami niliandika kurasa 40 juu ya elektroni zilizoishiwa nguvu. Kwasari yangu, kiini cha galaksi kinachorusha jeti, ilikuwa mbali sana, na huko mionzi masalia ya ulimwengu inazinyonya elektroni kwa nguvu zaidi, (1+z) kwa kipeo cha 4, z ikipanda kadiri ya umbali, kwa hiyo nadharia nayo ikanipa moyo. Miezi mitano, usiku kucha hadi adhana ya alfajiri, kwa sababu chumba nilichopanga Vuga kilipata intaneti ya maana usiku tu. Msimamizi wangu alizisoma kurasa zote, akaweka kalamu chini. "Umejumlisha mng'ao wote wa gigahezi 5 ukaulinganisha na kipimo cha dishi moja, kisichopoteza kilichotanda?" Sikuwa nimejumlisha. Tukajumlisha pale pale, na sehemu kubwa ya jeti haikuwemo. Data za mpangilio B, madishi yakiwa karibu zaidi, zilipoingia, hasi 1.7 ya mkiani ikawa hasi 0.8. Jeti niliyoizika ilikuwa hai. Siku ile mama alinipakulia wali, nikautazama mpaka ukapoa.

Kwa hiyo gigahezi 1.4 ya A huolewa na gigahezi 5 ya B. Basi.

3. Kwa VLBI, madishi ya nchi za mbali yakiunganishwa, pangeni ramani zilaliane kwa fundo la jeti, kwani kiini huhama masafa ya redio yakibadilika.

4. Kumbukumbu za usafishaji wa data ziandikwe siku ile ile.

Yule kijana hakubisha. Jana saa sita usiku kaniletea ujumbe: "Mwalimu, data za B nimepakua nusu, nakesha nazo." Nikamjibu ale kwanza.