Maswali na Majibu: Kupima Kerneli ya Linux kwa Ushirikiano

Kwa nini majaribio ya kerneli ya Linux yasifanywe na maabara moja kubwa yenye fedha za kutosha?

Kikwazo cha kwanza si fedha bali vifaa. Kerneli hiyo moja, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia vifaa vya kompyuta, huendesha simu, ruta, seva na kompyuta kubwa za utafiti, na hitilafu iliyojificha katika kiendeshi cha kifaa fulani (msimbo unaoiwezesha kerneli kukitumia) mara nyingi haionekani mpaka kerneli iwashwe kwenye kifaa chenyewe. Hakuna maabara inayomiliki vifaa vyote. Ndiyo maana KernelCI, ambao tangu 2019 ni mradi ulio chini ya Linux Foundation, hutegemea maabara za wadau mbalimbali: kila maabara huwasha kerneli iliyokwisha kujengwa kwenye bodi zake za kompyuta na kurudisha matokeo. Roboti ya Intel hushika upande mwingine wa kazi, kwa kuchukua viraka (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa) vikiwa bado vinajadiliwa kwa barua pepe na kuvijenga kwa mipangilio mingi tofauti kabla mtunzaji, yaani msimamizi wa sehemu husika ya kerneli, hajavipokea.

Je, syzbot, roboti ya Google ya kutafuta hitilafu za kerneli, hairudii kazi hiyo hiyo?

Hairudii. Syzbot hutunga miito ya mfumo (maombi ambayo programu hutuma kwa kerneli) kwa kubahatisha, ikiongozwa na sehemu za msimbo zilizokwisha kufikiwa, hadi kerneli ianguke. Majaribio ya kawaida huthibitisha yale ambayo mwandishi wake aliyawazia. Syzbot huibua yale ambayo hakuna aliyeyawazia.

Timu yetu huendesha majaribio kila usiku na kuwatumia watunzaji matokeo, lakini hatujibiwi. Tunakosea wapi?

Nashuku kwamba taarifa zenu zinasema tu kuwa jaribio limefeli. Mtunzaji anayepokea taarifa za namna hiyo kutoka kwa roboti kadhaa hujifunza upesi kuzipuuza, na sioni sababu ya kumlaumu.

Anzeni kwa kutenganisha aina za kufeli. KCIDB, hifadhidata inayokusanya matokeo ya mifumo mbalimbali kwa muundo mmoja, hutofautisha jaribio lililofeli kwa sababu msimbo una kasoro, jaribio ambalo lenyewe ni bovu, na jaribio ambalo halikuendeshwa kabisa kwa kuwa maandalizi yalikwama. Bodi ikishindwa kupakua kerneli kwa sababu ya hitilafu ya mtandao wa maabara, hilo ni tatizo la maabara, na mtunzaji hana haja ya kulisikia.

Kisha tafuteni badiliko lililoleta hitilafu. Kati ya toleo moja na jingine huingia mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini amri ya git bisect, ya mfumo wa Git unaotunza historia ya msimbo, hugawa orodha hiyo nusu kwa nusu, hivyo hatua zipatazo 14 hutosha. Sharti lake ni kwamba jaribio litoe jibu lile lile kila mara; jaribio linalofaulu leo na kufeli kesho bila msimbo kubadilika litawapeleka kwa mtu asiye na hatia. Jaribio la namna hiyo liondoeni kwenye taarifa za kila usiku mpaka lirekebishwe, hata kama mtaonekana mmepunguza idadi ya majaribio.

Taarifa ikishakuwa na badiliko husika, mipangilio ya kerneli, kumbukumbu (logi) za kuwaka kwa kerneli na amri ya kurudia tatizo, huwa vigumu kuipuuza.

Sina bodi wala seva, ila nina kompyuta ya kawaida. Naweza kuchangia nini?

Andika majaribio ya KUnit, mfumo wa kupima vipande vidogo vya msimbo wa kerneli, ambao umo ndani ya kerneli tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Amri ya kunit.py run hujenga kerneli inayoendeshwa kama programu ya kawaida ndani ya Linux yako, kwa hiyo huhitaji hata mashine pepe. Chagua kitendaji kidogo (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) kisichogusa vifaa, kwa mfano kinachochambua maandishi au kukokotoa ukubwa wa kumbukumbu, ukijaribu kwa thamani za mipakani, kama ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ukimaliza, programu ndogo ya get_maintainer.pl iliyo katika folda ya scripts ya msimbo wa kerneli itakuonyesha watu wa kutumiwa kiraka chako.