Unapozungumza na mshauri kwa simu, ujue ni nani anayekusikiliza

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari katika Mkoa wa Katavi. Tangu nimzike mama yangu mwaka jana, usingizi umenipotea; naamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi jogoo awike, chakula sikitamani, na darasani nimekuwa mkali kwa mambo madogo. Kwenda hospitali naona haya kwa sababu kwenye foleni nitakutana na wazazi wa wanafunzi wangu. Nimeona Instagram mtu anayetangaza ushauri nasaha kwa njia ya mtandao, lakini anataka nilipie vipindi 10 kwa mkupuo kabla hatujaanza. Je, mazungumzo ya simu yanaweza kumponya mtu, au nitakuwa nimetupa fedha? Isitoshe, nimepanga chumba kimoja na ukuta ni mwembamba; jirani akikohoa namsikia.
Mwalimu, Katavi

JIBU: Mwalimu, pole sana kwa msiba, na pole kwa mwaka mzima wa kuubeba peke yako.

Mazungumzo ya simu yanaweza kumsaidia mtu kupona. Tiba inayomfundisha mtu kuyachunguza mawazo yake na kuzirudia kidogo kidogo shughuli alizoziacha imefanyiwa utafiti kwa njia ya intaneti kwa zaidi ya miaka 20, na kwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) ya kiwango cha chini au cha kati matokeo yake hukaribiana na ya kukutana ana kwa ana, ilimradi yupo mtu aliyefunzwa anayekufuatilia. Programu zinazomwachia mgonjwa video na maswali bila mtu wa kumuuliza amefikia wapi hupoteza wengi njiani. Ndiyo maana wasiwasi wangu hauko kwenye simu yako, uko kwa huyo bwana au bibi wa Instagram.

Muulize jina lake kamili, alisomea nini na katika chuo gani, na nani anayemsimamia kitaaluma. Mtu aliyesomea saikolojia tiba, kwa mfano katika shahada ya uzamili inayotolewa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, hawezi kuchukizwa na maswali hayo. Akijitambulisha kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, basi ni daktari kwanza, na anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2014 iliyoanzisha bodi ya wanasihi na wanasaikolojia, hivyo mteja wa Nakuru anaweza kudai kuoneshwa leseni. Huko Instagram, yeyote mwenye picha nzuri anaweza kujiita mshauri. Kuhusu fedha sina maneno mengi: lipa kipindi kimoja kimoja. Kipindi cha kwanza ni cha kupimana, na anayekudai vipindi 10 kabla hajajua unaumwa nini anafanya biashara ya jumla.

Kipindi hicho cha kwanza kina jambo moja ambalo ningependa uliangalie kwa makini. Washauri wengi huanza kwa kukusomea maswali 9 ya dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, ambalo lipo pia kwa Kiswahili. Linakuuliza kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha katika mambo uliyoyapenda. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 au zaidi mshauri huanza kuichukulia kwa uzito. Swali la mwisho huuliza kama umewahi kupata mawazo kwamba ni afadhali ungekufa au ungejidhuru kwa namna fulani. Ukijibu chochote kisichokuwa sifuri, mtaalamu wa kweli hataliruka. Atapunguza mwendo, atauliza mawazo hayo huja lini na kama umepanga lolote, na tayari atakuwa ameandika mahali ulipo kwa wakati huo pamoja na namba ya mtu wa karibu anayeweza kukufikia upesi. Mshauri aliyeko Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka kwako, na hawezi kuja kubisha hodi. Asipokuuliza ulipo, wala nani apigiwe simu mambo yakiharibika, achana naye hata kama sauti yake ni ya upole namna gani. Na kama mawazo ya namna hiyo yanakujia hata sasa, usisubiri miadi ya mtu yeyote: mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, nenda kituo cha afya, au piga namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozwi.

Ukuta mwembamba una dawa. Darasa tupu siku ya Jumamosi linafaa kuliko chumba chako. Vaa vipokea sauti vya masikioni ili yanayosemwa upande wa pili yabaki kwako, kaa ukiutazama mlango, na mkubaliane maneno ya kawaida, kama vile “mtihani umeahirishwa”, yatakayomjulisha mshauri kwamba mtu ameingia na mazungumzo yageuke. Video si lazima. Sauti pekee hula bando kidogo na mara nyingi huwapa watu ujasiri wa kusema. Amueni mapema nani atapiga tena mtandao ukikatika, kwa sababu hakuna kinachoumiza kama simu kukatika katikati ya kilio, kisha kila mmoja akakaa akimngoja mwenzake.

Siri ina upande mwingine ambao wateja wengi hawauulizii, nao ni mahali yanapohifadhiwa maneno yako. Nchini Finland, mwaka 2020, ilibainika kuwa wahalifu walikuwa wameiba kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya tiba ya saikolojia ya Vastaamo, na wagonjwa wenyewe wakatumiwa vitisho vya kutakiwa kulipa ili siri zao zisianikwe. Marekani, mwaka 2023, kampuni ya BetterHelp iliamriwa kulipa dola milioni 7.8 kwa tuhuma za kuzipa kampuni za matangazo taarifa za wateja wake. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chini yake una haki ya kumuuliza mshauri kama anarekodi vipindi, anaandika nini, na nani mwingine anasoma. Kwa upande wako, zuia ujumbe usijitokeze kwenye kioo cha simu iliyofungwa, kwani simu ya mwalimu hulala mezani ofisini mchana kutwa.

Hata hivyo, hospitali hutaikwepa kabisa. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na unyong’onyevu unaofanana na sonona, na hakuna mshauri wa mtandaoni anayeweza kukupima damu. Mshauri asiye daktari pia hawezi kukuandikia dawa za sonona kama fluoxetine, na akikutajia duka la kununulia, kataa. Dirishani sema tu kwamba hupati usingizi. Mzazi aliye nyuma yako kwenye foleni hahitaji kujua zaidi ya hapo, na pengine naye yuko pale kwa sababu hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo dada. Kwetu ni Tanga, nafanya kazi za ndani Dubai. Nimepata mshauri huko nyumbani, lakini simu za WhatsApp huku hazipiti, na mama mwenye nyumba huichukua simu yangu usiku. Nifanyeje?
Binti wa Tanga, Dubai

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Simu za sauti na za video za WhatsApp zimezuiwa katika Falme za Kiarabu kwa miaka mingi, lakini ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita. Usihangaike na njia za kificho ambazo zinaweza kukuingiza matatani. Programu ya kupiga simu iitwayo BOTIM inaruhusiwa huko, basi mwombe mshauri wako aiweke kwenye simu yake. Mnaweza pia kufanya kazi kwa maandishi: wewe unaandika wakati wa mapumziko, naye anajibu saa mliyopatana. Wapo wanaoweza kuandika jambo ambalo mdomo ulikataa kulitamka. Ila yafute uliyoandika kabla hujaikabidhi simu jioni.

Sheria ya wafanyakazi wa ndani ya mwaka 2022 huko uliko inakupa siku 1 ya mapumziko yenye malipo kila wiki. Weka miadi siku hiyo, nje ya nyumba, na kumbuka kuwa saa yako iko mbele ya Tanga kwa saa 1. Iwapo pasipoti yako pia imeshikwa, hulipwi mshahara au unapigwa, mshauri atakusaidia kuvumilia usiku lakini hawezi kukutoa humo. Hilo ni la Ubalozi Mdogo wa Tanzania hapo Dubai, na kipindi chenu kijacho kianze kwa mshauri kukutafutia namba yao, uikariri kichwani.