Utalii utakua, shida ni njia ya kufika

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama utalii wa Afrika Mashariki utaendelea kukua huku vita na misukosuko ikizidi duniani. Utakua. Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230 mwaka 2019, ikashuka hadi 620,867 mwaka 2020 wa Korona, na mwaka 2024 ikafikisha milioni 2.1, vita ya Ukraine ikiwa bado inaunguruma. Hamu ya kuja ipo. Kinachoyumba ni njia.

Wageni wengi wa mbali hutua Dar, Zanzibar au Kilimanjaro baada ya kubadilisha ndege Doha au Dubai. Jioni ya 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa chache tu, lakini ndege zilizogeuzwa njiani zilivuruga safari za watu hata siku zilizofuata, tena msimu wa wageni wengi ukianza. Hasara yake huku haionekani uwanjani. Inaonekana mbugani: viwanja vingi vya ndege huko ni vya udongo na havina taa, kwa hiyo ndege ndogo ya mwisho huondoka alasiri. Mgeni akiikosa, amepoteza usiku mzima wa kambi, na kambi haimrudishii. Tiketi ya ndege ndogo ikiwa imenunuliwa peke yake, shirika la ndege kubwa halihusiki nayo.

Ndiyo maana kipindi hiki ni afadhali kupindua ratiba tuliyoizoea ya mbuga kwanza, ufukwe baadaye. Mgeni aanze na Dar au Zanzibar, amalizie Serengeti, aondokee Kilimanjaro bila kurudi Dar. Akichelewa siku moja, kinachopotea ni kitanda cha hoteli, ambacho ni rahisi kuliko hema la Serengeti. Mawakala watanung'unika kwamba ufukwe ni wa kuoshea vumbi la safari. Ni kweli, ila vumbi halijawahi kumdai mtu fidia. Kundi la watu 12 pia lisipitishwe lote kwenye kituo kimoja cha kubadilishia ndege. Addis Ababa, Nairobi, Kigali na Istanbul zipo.

Bei ya dizeli inatutisha kupita kiasi. Safari ya siku sita ya kaskazini ikifika kilomita 1,000, na Landcruiser ikila lita 15 kwa kilomita 100, ni lita 150. Lita ikipanda shilingi 500, gari zima limeongezeka shilingi 75,000. Mafuta yanayouma ni ya ndege, na hayo yako kwenye tiketi ambayo mgeni ameikata kwao.

Bima ni jambo zito zaidi. Serikali ya mgeni ikishawaambia raia wake wasije, bima nyingi za safari hukoma kumlinda, na hapo hata asiye na woga hughairi. Ile bima ya Zanzibar ya dola 44, ya lazima tangu Oktoba 2024, inamhudumia mgeni akiwa visiwani. Safari ikifutwa kabla hajaondoka kwao, haimsaidii. Mawakala, waelezeni wateja hivyo kabla hawajalipa.

Na tusijifanye misukosuko hutoka nje tu. Intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, ofisi isiyokuwa na mshirika nje ya nchi wa kujibu barua pepe ilionekana kama imefungwa. Nakala za bukingi za siku 14 zijazo zikae kwenye karatasi, na mshirika wa Nairobi au Kigali awe nazo.

Soko lisilopitia Doha ni la majirani, pamoja na wageni walioko kwao tayari, na la kwetu wenyewe. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya watalii ya dola 100 kwa siku 90 tangu 2014. Tanzania haimo, na AFCON ya 2027 tunaiandaa pamoja na Kenya na Uganda! Atakayetaka kuunganisha gorila wa Uganda au Rwanda na Serengeti atalipia viza mara mbili.

Kwa wa hapa Dar, treni ya SGR imeifanya Hifadhi ya Mikumi kuwa safari ya wikiendi, na inatembea kwa umeme. Mwenye mtaji mdogo aanzie stesheni ya Morogoro: gari moja la viti saba la kwenda Mikumi, bei ya kila kichwa ikiwa imebandikwa kwenye kioo, na kurudi kabla ya treni ya jioni.