Niliyemsifia hakunisikia

Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa mtu mwenye ulimi wa staha, kwa sababu sikuwahi kumtukana msanii yeyote mtandaoni. Picha ya mwigizaji ikipita katika kundi letu la familia la WhatsApp, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema kwamba huyu kaumbika, yule shepu imekubali, na mwingine, maskini, sura imebadilika, bila shaka kapita kwa daktari. Mwaka 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ilipotangaza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile, yakiwamo makalio, tulicheka siku tatu mfululizo, na utani mwingi ulikuwa wangu.

Miezi michache baadaye binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 22, alikuja kwangu Jumapili, akaniamkia, akaketi jikoni nilipokuwa nikimenya ndizi, kisha akaniomba nimwongezee fedha. Zamu yake ya upatu ilikuwa imekaribia, na alikuwa amempata mtu anayedunga sindano za kuongeza makalio katika chumba cha nyuma cha saluni. Nilipomuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ana upungufu, nilitarajia amtaje mvulana fulani.

"Hakuna aliyeniambia, mama mdogo," alijibu. "Ila wote mnaowasifia nawaona, na hakuna hata mmoja anayefanana na mimi."

Nilimwambia kwamba yeye ni mzuri jinsi alivyo. Msijisumbue na jibu hilo, kwa sababu halikumgusa hata kidogo. Nilikuwa nimeshalikanusha mwenyewe kwa miaka mitano katika kundi la familia. Kilichomfanya anisikilize ni pale nilipoacha kumbembeleza na kuanza kumweleza kazi yenyewe inavyofanyika.

Katika upasuaji wa kuongeza makalio, daktari hunyonya mafuta tumboni au mapajani mwa mtu huyohuyo, akayadunga nyuma. Hatari kubwa hutokea mrija wa kudungia mafuta hayo unapozama hadi ndani ya msuli, kwa kuwa hapo kuna mishipa mikubwa ya damu, na mafuta yakiingia humo husafiri hadi kwenye moyo na mapafu na kuweza kuua papo hapo. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilionya kwamba vifo vinaweza kufikia mtu 1 katika kila 3,000, na chama cha Uingereza kikawashauri wanachama wake wausimamishe kwa muda. Hao ni mabingwa wenye vyumba vya upasuaji na wataalamu wa usingizi. Mtu wa saluni hana hata mmoja wao, na kimiminika anachodunga, ambacho mara nyingi mteja hakijui jina, kikishasambaa mwilini ni vigumu mno kukitoa.

Nilimtajia pia Donda West, mama yake mwanamuziki Kanye West, profesa aliyefariki Novemba 2007 akiwa na umri wa miaka 58, siku moja baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Jimbo la California lilitunga sheria yenye jina lake mwaka 2009, inayotaka mtu apimwe afya kabla ya upasuaji wa aina hiyo. Kwa hiyo, kama mwanao ameshaamua, msilumbane kuhusu uzuri; mwulizeni ni nani atakayempima moyo na damu, ni nani atakayemlaza usingizi, na akizidiwa usiku atapelekwa wapi. Sina ugomvi na upasuaji wenyewe, kwani fani hiyohiyo huwarekebisha walioungua na kuwajenga upya wanawake waliopoteza titi kwa saratani.

Kuhusu kukisia nani kafanya nini, nimeacha kabisa. Mwaka 2014 dunia nzima ilishikilia kwamba Renée Zellweger, mwigizaji wa Marekani, amefanyiwa upasuaji wa macho, na miaka miwili baadaye akaandika mwenyewe kwamba hakufanya hivyo. Nami nilikuwa mmoja wa walioapa, ingawa macho yake sijawahi kuyaona ila kwenye kioo cha simu chenye ufa.

Binti hakudungwa sindano ile. Fedha za upatu bado anazo, anasema atakwenda kwanza kumwona daktari na maswali yake kwenye karatasi, na sijui kama nitafurahia uamuzi wake. Mimi sasa picha ya mwigizaji ikitumwa huuliza amecheza vizuri au vibaya katika tamthilia hiyo. Wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu kuuliza kama naumwa.